Shajara ya mradi: rekodi saba, wimbo mmoja wa Kwaresima

3 Februari

Nimeanza rasmi. Nilisema nitaanza baada ya Krismasi, nikasema baada ya Mwaka Mpya, na leo mpwa wangu kaniuliza, "Mjomba, ule mradi wako wa kusikiliza bado umelala?" Nikaona aibu, nikafungua daftari.

Kazi yenyewe ni hii. Ijumaa Kuu nataka kupiga "O Mensch, bewein dein Sünde groß" ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, BWV 622 (namba yake katika orodha ya kazi zake), kabla ya somo la mateso. Kinanda cha usharika wetu ni cha umeme, kina safu mbili za nota na pedali za kupiga kwa miguu, kinatosha kabisa. Kisichotosha ni kichwa changu. Karatasi ya wimbo huu ninayo tangu mwaka jana na bado sijui uende mwendo gani. Basi kabla vidole havijazoea upotovu, nitasikiliza rekodi saba za watu wanaoujua, nilinganishe, ndipo niamue.

Nimeuchagua kwa sababu ni mfupi: vipimo 24 tu. Umo katika Orgelbüchlein, kijitabu alichokianza Bach akiwa mpiga kinanda wa mtawala wa Weimar. Alipanga kuandika nyimbo 164, akamaliza 46. Daftari lenyewe lipo maktaba ya serikali mjini Berlin, na kurasa nyingi zina jina la wimbo juu na mistari mitupu chini. Nikikumbuka hilo najisamehe kidogo mambo ya Krismasi.

5 Februari

Rekodi saba zimepatikana. Mbili nilikuwa nazo kwenye flashi, tano zimekula bando la wiki nzima.

Mpwa wangu kazifuta majina yote, kazipa herufi A mpaka G, kaandika ufunguo kwenye karatasi na kuitia ndani ya bahasha. Bahasha ipo kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Nimemwambia nisije nikaiona hata nikimbembeleza. Ukishajua anayepiga ni fulani, sikio linapiga magoti kabla nota ya kwanza haijalia.

Herufi moja imejitaja yenyewe. C inakwaruza kama vitumbua kwenye mafuta, na katika zile saba ni moja tu iliyotoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika: Albert Schweitzer, daktari na mpiga kinanda, 1936. Mpwa alijaribu kuificha, maskini, lakini mikwaruzo haina siri.

9 Februari

Siku ya saa. Vipimo 24, kila kimoja mapigo manne, jumla mapigo 96. Hesabu rahisi: chukua urefu wa rekodi, gawanya kwa 96.

B inamaliza kwa dakika 4 na sekunde 48. Pigo moja sekunde 3. E inamaliza kwa dakika 6 na sekunde 24. Pigo moja sekunde 4. Zilizobaki zimo katikati.

Tofauti ya sekunde moja inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini wimbo una mistari 12, kila mstari vipimo viwili, kwa hiyo mstari mmoja ni sekunde 24 kwa B na 32 kwa E. Nimechora jedwali zuri lenye safu tano. Nimelipenda mno, na mimi nikipenda jedwali mno huwa kuna kitu sijakiona.

14 Februari

Nimekiona, au nadhani nimekiona. B ina kasoro.

Wimbo huu Doh ni E♭, yaani nota ya E iliyoshushwa nusu hatua. Usiku nimeweka kinanda changu kidogo pembeni ya kompyuta ili niipe kila rekodi Doh yake. A, D, F, sawa, tofauti za unywele. C imeshuka kidogo, santuri ya zamani, nikaiacha. Nilipofika B nikabonyeza E♭: hapana. Nikabonyeza E: hapana. Nikabonyeza F: ndiyo, imekaa mlemle. Hatua nzima juu! Nikasema hii faili imeharakishwa na mtu, ndiyo maana ikawa ya kwanza kumaliza. Nikafungua programu ya kuhariri sauti, nikaishusha mpaka Doh ikatua E♭. Urefu ukawa dakika 5 na sekunde 24. Nikafuta jedwali, nikaandika upya, na pembeni nikaongeza: "Sasa B ina utulivu."

15 Februari

Mpwa kapita kunisalimia, kasikia B yangu "yenye utulivu" ikilia, kasimama mlangoni.

"Shikamoo Mjomba. Hiyo umeifanya nini?"

"Marahaba. Nimeirekebisha, ilikuwa imeharakishwa."

Akacheka mpaka akakaa. Halafu akasema, "Sikupi jina la mpigaji, nakupa mji tu. Hamburg, kanisa la Mtakatifu Yakobo."

Nikajipiga kofi la paji. Kinanda cha Mtakatifu Yakobo ni cha mabomba, kilijengwa na Arp Schnitger, kikakamilika mwaka 1693: safu nne za nota na pedali, na aina 60 za sauti za kuchagua. Na nota yake ya A haipo kwenye mitetemo 440 kwa sekunde kama kinanda changu. Ipo karibu 495. Gawanya 495 kwa 440 upate 1.125, ambayo ni hatua nzima bila ubishi. Mpigaji kabonyeza E♭ kama alivyoandika Bach, na mabomba yametoa kile ambacho mimi nakiita F. Hakuna mtu aliyeharakisha chochote. Mimi ndiye niliyelishusha kanisa zima hatua moja, nikalipongeza kwa utulivu.

Nimerudisha faili ya awali. Dakika 4:48 imerudi kwenye jedwali, na lile neno "utulivu" nimelikata kwa mstari lakini linasomeka, libaki linisute.

Hicho kinanda kimepitia mengi. Mwaka 1917 mabomba yake ya mbele yalichukuliwa kwa ajili ya madini ya kivita. Vita ya pili ilipokuja, mabomba yaliyobaki yalihamishwa yakafichwa, yakapona wakati kanisa linapigwa mabomu. Jürgen Ahrend alikikarabati, kazi ikaisha 1993, miaka 300 kamili. Bach mwenyewe aliitaka kazi ya kanisa hilo mwaka 1720. Akapewa mwingine, aliyechangia mfuko wa kanisa marki 4,000. Mambo ya kamati hayakuanza leo.

22 Februari

C, mara sita mfululizo, na spika za masikioni.

Kwanza nilitaka kuiondoa kwenye mashindano. Si haki kumlinganisha mtu aliyerekodi kwenye santuri na wa siku hizi: upande mmoja wa santuri ile ya inchi 12 unabeba dakika nne na ushei tu, na mpigaji anajua hilo akiwa amekaa kwenye benchi. Mwendo wake siwezi kuuita uamuzi wake peke yake. Nimemwondoa kwenye jedwali la saa. Kwenye daftari nimemwacha, kwa sababu ya mahali.

Schweitzer alirekodi huu Strasbourg, kanisa la Sainte-Aurélie. Na tuni yenyewe ilitungwa Strasbourg! Matthäus Greiter, mwimbaji wa kanisa kuu la pale, aliitoa mwaka 1525. Maneno ya "O Mensch" yalikuja baadaye kidogo, ya Sebald Heyden wa Nürnberg. Tuni ikasafiri: Wakalvini wa Ufaransa wakaiimba kama Zaburi ya 68, wakaenda nayo hadi vitani. Halafu miaka 400 baadaye daktari wa Lambaréné anairudisha nyumbani akiwa likizo kutoka Gabon. Kule hospitalini alikuwa na piano yenye pedali, imefunikwa zinki ndani kwa ajili ya unyevu na wadudu, zawadi ya chama cha Bach cha Paris. Ukiishi karibu na ikweta na una chombo chochote chenye mbao na gundi, unajua kwa nini zinki.

Sasa, alikuwa na mwalimu Paris, Charles-Marie Widor, mpiga kinanda mkubwa. Widor alimwambia kwamba nyimbo hizi fupi za Bach hazielewi: mara zinageuka ghafla, mara zinasimama, haoni kwa nini. Schweitzer akamjibu kwamba maneno ndiyo yanayoeleza, akaanza kumtafsiria, maana Widor hakuyajua maneno ya Kijerumani. Hapo ndipo Widor akamsukuma aandike kitabu kuhusu Bach.

Nimesimamisha C nikakaa kimya. Mimi pia sijawahi kuyasoma maneno. Nimeshika saa wiki mbili, maneno sijayagusa.

1 Machi

Mvua. Paa letu ni mabati. Hakuna kilichosikika.

8 Machi

Leo nilikuwa kwa mwalimu wetu wa kwaya, yule mstaafu. Nimeamkia, nimepewa chai, nimetoa karatasi. Maneno nimeyageuza mwenyewe Kiswahili, si ya kuimbwa kanisani, ni ya kuelewa tu. Mstari wa kwanza: "Ewe mwanadamu, lia kwa dhambi yako kuu." Na mistari ya mwisho: akabeba mzigo mzito wa dhambi zetu, pale msalabani, muda mrefu.

Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Muda mrefu," akasema. "Ndilo neno la mwisho kabisa?"

"Ndilo, Mwalimu. 'Lange.'"

"Basi baba, unapoteza muda na saa. Weka hizo nyimbo tuimbe."

Tukaimba. Yeye teno, mimi besi inayojifanya teno. Tuliimba ile tuni tupu ya Greiter juu ya kila rekodi, bila mapambo ya Bach. Kwanza tulikubaliana kuvuta pumzi katikati ya mstari na mwishoni, maana mstari wa sekunde 24 kwa pumzi moja ni wa watu wa mashindano, na Mwalimu ana miaka 71.

Hapo mambo yakafunguka. Mkono wa kulia wa wimbo huu unabeba tuni iliyojaa mapambo: nota ndogo zinapanda, zinazunguka, zinateleza. Ukisikiliza tu, mapambo ndiyo unayoyasikia. Ukiimba, unasikia kama mpigaji anajua kwamba chini ya mapambo kuna watu. Kwa A tulikuwa tunakimbilia mistari kama watu waliochelewa daladala: mpigaji anamaliza mstari na anaingia unaofuata pale pale, safi, nadhifu, wala hajui kama tupo. Kwa E, ile ndefu, Mwalimu alikata pumzi kabla ya nusu mstari, akanyoosha mkono kama refa. "Huyu anasubiri mwangwi wa kanisa lake. Sisi hatumo kanisani kwake." Ni kweli. Mwangwi wa E ni mrefu ajabu, na nahisi mpigaji alikuwa anaacha kila kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ijae ukutani kabla ya kuigusa inayofuata. Pale alipokaa inawezekana ilikuwa sahihi.

B tuliiimba katika F na koo likalalamika, lakini ilitembea.

D, Mwalimu hakuimba. Alinyamaza katikati ya mstari wa tatu, akanyoosha kidole kuelekea spika: "Sikiliza hao wa katikati." Sauti mbili za mkono wa kushoto, ambazo kwa wengine zilikuwa ukungu, kwa D zilikuwa watu wawili, kila mmoja na njia yake, na pedali mtu wa tatu. Nimeandika: D, kila sauti imejifunza kutembea peke yake.

Na F. F tuliimba mpaka mwisho bila kukubaliana chochote. Kila tulipohitaji hewa, hewa ilikuwepo. Si kwamba mpigaji anasimama, hasimami. Analegeza kidogo ile nota ya mwisho ya mstari, kama mtu anayekushikia mlango bila kugeuka. Mwalimu akasema tu, "Huyu amewahi kupigia watu." Tukairudia mara mbili, chai ikapoa.

Jioni nimeandika orodha. F ya kwanza, D ya pili. A ya mwisho. G sikumbuki hata ilivyo, na hilo nalo ni jibu.

16 Machi

Kodi ya C♭ (ya muziki, si ya pango).

Karibu kabisa na mwisho Bach ameandika "adagissimo", yaani polepole kuliko polepole. Baada ya mistari 11 ya E♭ unaanguka kwenye C♭, kodi ambayo haina shughuli yoyote katika nyumba hii. Ni pale pale penye "muda mrefu". Nimewahi kusikia mama mmoja msibani akiwa anaongea vizuri kabisa, anaagiza maji ya wageni, halafu sauti ikashuka chini ya miguu yake katikati ya neno. Ni hiyo.

Kwa B, ile ya Hamburg, kodi hii ina ukali ambao rekodi nyingine hazina. Inatia ganzi ya meno kama ukwaju. Nilifikiri ni mpigaji. Si yeye. Kinanda kile hakijatyuniwa kwa usawa kama cha kwangu. Kipo jirani na mfumo wa kale wa kutyuni, ambao nusu hatua zake hazilingani, ingawa umelegezwa. Gawanya nusu hatua mara mia, kila kipande kiite senti. Kodi ya C♭ kwenye nota za kinanda ni B, E♭ na F♯. Kutoka B hadi E♭, umbali safi ambao sikio linautaka ni senti 386. Kinanda changu kinatoa 400. Mfumo wa kale halisi, wenyewe kabisa, unatoa 427.

Nikakumbuka kwamba kinanda cha usharika kina menyu ya tyuni ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Nikaenda jioni, kanisa tupu isipokuwa mwinjilisti anayepanga viti. Kwenye menyu kuna Werckmeister, mfumo wa mwaka 1691. Nikabonyeza kwa shangwe, nikapiga C♭, nikasubiri ukwaju. Hakuna. Nilipokuja kuhesabu, Werckmeister inatoa 402 mahali hapo. Senti mbili! Safari yote ile.

Chini yake kulikuwa na ule mfumo wa kale wenyewe. Nikauweka. Doh ikawa tamu, sijawahi kuisikia E♭ tamu namna ile. Halafu nikafika Fah, A♭, na kinanda kikabweka. Katika mfumo ule hakuna A♭, kuna G♯ tu, na ukiilazimisha ikae na E♭ inalia sauti ambayo Wazungu wenyewe wanaiita mbwa mwitu. Na katika wimbo wa E♭ utaikwepa Fah mpaka lini? Mwinjilisti kaweka kiti chini, kaniuliza mimi: "Mwalimu, kinanda kimeharibika?" Nikamwambia bado. Nikarudisha usawa, nikazima.

Kwa hiyo ukwaju sitaupata kwa tyuni. Itabidi niupate kwa muda.

29 Machi

Bahasha imefunguliwa, mbele ya Mwalimu, mpwa akiwa shahidi.

D ni Helmut Walcha, mpiga kinanda wa Ujerumani. Nilitulia nikacheka. Walcha alipoteza macho akiwa kijana, na nyimbo za Bach alizijifunza kwa kupigiwa sauti moja moja: sauti ya juu peke yake mpaka ikae kichwani, kisha ya katikati, kisha pedali, halafu anaziunganisha mwenyewe. Rekodi hii kaifanya Strasbourg vilevile, kwenye kinanda cha fundi Silbermann katika kanisa la Saint-Pierre-le-Jeune. Mji huu haunitoki.

E ni mpigaji ambaye sikuwahi kumsikia. B na G pia.

Mpwa akasoma F: Marie-Claire Alain, yule mpiga kinanda wa Ufaransa. Mwalimu akapiga meza, nikafurahi. Halafu mpwa akanyamaza kidogo, akanitazama kwa jicho lile la kutaka kucheka, akasoma A: Marie-Claire Alain.

Mtu yule yule. Alirekodi kazi zote za Bach za kinanda mara tatu. A ni ya mara ya kwanza, F ya mara ya tatu, zaidi ya miaka 20 kati yake, na katika miaka hiyo alikuwa amehamia kwenye vinanda vya zamani vilivyokarabatiwa na kufundisha vijana wengi. Nimerudi kwenye daftari, ukurasa wa tarehe 8. Kati ya A na F nimeandika kwa mkono wangu: "Hawa wawili hawakupita shule moja."

Mwalimu kasema niiache hivyo hivyo.

Nilichokuwa nataka mwezi wa pili, yaani orodha ya nani bora, hakiwezekani tena. Niseme nini, Alain kamshinda Alain? Nimechana lile jedwali la safu tano, nimebakiza safu moja: wapi panaruhusu pumzi.

12 Aprili

Nafanya mazoezi kila siku saa kumi na moja asubuhi kabla ya ibada ya alfajiri. Mwendo wangu umetua katikati ya B na E, na si kwa hesabu: ni mwendo ambao Mwalimu anaweza kuuimba akiwa amekaa. Kwa mkono wa kulia nimejaribu sauti kali zenye pua, nikaziacha. Kwenye spika zetu zinakwaruza. Nimebaki na prinsipali moja tupu, ile sauti ya msingi ya kinanda, na mtetemo mdogo wa sauti.

Mapambo ya mstari wa nne bado yananishinda. Yanatoka kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Kwenye adagissimo nilikuwa nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kila siku natoka na urefu tofauti. Jana nimefuta hesabu zote za penseli. Mwalimu ataketi kiti cha kwanza kushoto, namwona kwenye kioo cha kinanda. Juu ya C♭ nimeandika: "Mwangalie Mwalimu. Akivuta pumzi, achia."